Pwani au maziwa ya Bonde la Ufa: uende wapi kutazama ndege kiangazi hiki

Kila inapokaribia Disemba naulizwa swali lile lile. Mtu ana siku nne za mapumziko, amenunua darubini au ameazima ya rafiki, na anataka kujua aelekee Watamu au Naivasha. Akija kuniuliza huwa ameshapiga hesabu ya spishi: Naivasha zimerekodiwa zaidi ya 400, Nakuru vivyo hivyo, na hori ya Mida kule Watamu, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, haifiki hapo, basi Bonde la Ufa limeshinda.

Namwomba aiweke kando hesabu hiyo. Orodha zile zimekusanywa kwa miongo mingi na katika misimu yote, naye atakuwepo siku nne tu. Kitakachoamua aone nini ni maji. Pwani, ni saa ambayo maji yanajaa. Maziwani, ni kina ambacho ziwa limefikia mwaka huo. Kwa hiyo katika ulinganisho huu nitazungumza sana juu ya maji, na ndege watafuata nyuma yake, kama wanavyofanya wenyewe.

Nikisema kiangazi nina maana ya miezi ya kaskazi, Disemba hadi Machi, baina ya mvua za vuli na masika. Ndio wakati ndege wahamaji wamejaa nchini Kenya. Wengi wa wale wa pwani huzaa kwenye tundra ya Siberia, nyanda za baridi zisizo na miti, au nyika kavu za Asia ya Kati, huanza kuteremka Agosti na Septemba, na huondoka Machi na Aprili. Anayekwenda ufukweni mwezi wa Julai hukuta wachache, hasa vijana ambao bado hawajafikia umri wa kuzaa na hivyo hawana haraka ya kurudi kwao.

Mida: utazame mwezi kabla ya kukata tiketi

Hori ya Mida iko nyuma ya Watamu, kusini mwa Malindi, na mlango wake wa bahari ni mwembamba. Maji yakiingia hufunika uwanda mpana wa tope na mchanga. Yakitoka, uwanda ule wote hugeuka sinia la chakula: kaa, minyoo, kombe wadogo. Kando yake kuna mikoko, na katikati ya mikoko limepita daraja la mbao linaloning'inia kwa kamba. Ukitembea linayumba kidogo chini ya miguu, linakufikisha kwenye kibanda cha kutazamia kilichosimama pale mikoko inapoishia na tope linapoanza. Kiingilio cha daraja huchangia karo ya watoto wa sekondari kutoka familia zinazoishi kando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke, chini ya mpango wa shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Sijui mahali pengine pwani ambapo mtalii anaona waziwazi hivi jinsi mkoko uliosimama unavyomweka mtoto darasani, na kwangu hilo pekee lingetosha kunipeleka.

Mara yangu ya kwanza nilikosea. Nilifika saa nne asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu, nikapita daraja kwa furaha yote, nikakuta tope tupu hadi macho yanapokomea. Ndege walikuwepo, lakini mbali mno, kama punje za pilipili manga zilizomwagika kwenye mkeka. Mzee mmoja alikuwa anatoka majini na nyavu begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Watafuta nini, mwanangu?"

"Ndege."

Akanyoosha kidole kule kwenye mstari wa maji. "Wale. Wako kazini. Leo ni bamvua, maji yamekwenda mbali nao wameyafuata. Nenda kapumzike, urudi saa nane. Watakuja wenyewe."

Nilirudi saa nane. Maji yalikuwa yameanza kupanda, polepole, kwa ulimi mmoja mmoja unaojipenyeza kwenye vijia vya tope. Kila kipande kilichofunikwa kiliwasogeza ndege hatua chache kuelekea kibandani. Ilipofika saa tisa kasorobo walikuwa mbele yangu, vitwitwi (ndege wa ufukweni wanaochokoa tope kwa mdomo) wa kila ukubwa, wengine karibu kiasi cha kusikia midomo yao ikichomoka topeni. Nilishusha darubini nikawatazama kwa macho tu.

Tangu siku hiyo napanga safari ya Mida kwa mwezi wa angani. Pwani ya Kenya, wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano. Muda mzuri wa kibandani siku hizo ni saa nane hadi saa tisa na nusu alasiri. Baada ya hapo kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi ukifika nusu mambo hugeuka: maji hujaa saa nne asubuhi, kwa hiyo unaweza kuangalia ndege kukiwa bado kuna ubaridi. Ubaya wake ni kwamba maji ya siku hizo, yaitwayo maji mafu, hayapandi sana, na ndege wanabaki na tope la kutosha huko huko mbali, hawalazimiki kukusogelea. Mimi huchagua siku ya pili hadi ya nne baada ya mwandamo, na jua kali la alasiri nalivumilia. Ukichelewa maji yakawa yameshajaa pomoni, umekosa pia, kwa sababu ndege huwa wamehamia mahali pa kupumzikia.

Ndege wa kumfuata Mida ni yule mla-kaa. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene unaoonekana mkubwa kuliko kichwa kinavyostahili. Katika ndege wote wa mwambao duniani hana ndugu wa karibu. Yuko peke yake katika familia yake. Huzaa kando ya Bahari ya Uarabuni na majirani zake, kwenye mashimo anayoyachimba mchangani, na hutaga yai moja tu, jeupe. Kisha huja kwetu na mtoto wake. Hili ndilo la kukaa nalo kibandani kwa utulivu: yule kijana mwenye mgongo wa kijivu badala ya mweusi anamfuata mzazi hatua kwa hatua, ameinamisha kichwa, analia kuomba. Mzazi anakimbia, anasimama ghafla, anachoma mdomo topeni, anamtoa kaa, anamtikisa mpaka miguu inakatika. Mara anamla mwenyewe, mara anampa mtoto. Safari yote ile kutoka kaskazini, na bado mtoto hajaachishwa.

Wengine utawaona bila kutafuta sana: sululu mwenye mdomo uliopinda kama mundu, yangeyange wa mwambao ambao baadhi ni weupe na wengine karibu weusi ingawa ni aina moja, na mdiria wa mikokoni. Ukiweza kubaki mpaka magharibi, tazama juu. Keremkerem wekundu wanaoshinda bara wakiwinda nyuki na kumbikumbi hurudi kulala kwenye mikoko ya Mida, makundi kwa makundi, na jua la jioni likiwapiga kifuani rangi yao haielezeki.

Kasoro za Mida ni joto, na umbali. Hata saa nzuri, ndege wengi wanahitaji darubini ya kusimamisha kwa miguu mitatu ili uone rangi ya miguu na umbo la mdomo. Waongozaji wa pale wengi wanayo, na wanamjua kila kitwitwi kwa mwendo wake. Usishuke topeni kwa ndala. Kuna maganda ya chaza yanayokata kama wembe.

Sabaki: wingi, na mwendo mrefu wa mchangani

Kilomita chache kaskazini mwa Malindi mto Galana unamalizikia baharini kwa jina la Sabaki. Maji yake ni ya kahawia kwa udongo wa bara, na udongo huo ndio uliojenga fungu za tope na mchanga mdomoni mwa mto. Tofauti na Mida, hapa hakuna kibanda, hakuna daraja, hakuna kivuli. Unatembea kupitia vilima vya mchanga na nyasi, jua likikupiga kisogoni, hadi ufukwe ufunguke mbele yako na fungu zima liwe limejaa ndege.

Mida inakupa ukaribu. Sabaki inakupa wingi na mambo usiyoyatarajia. Shakwe na buabua, ndege wa baharini, hupumzika hapa kwa maelfu, wote wametazama upande unakotoka upepo, na wakiruka kwa pamoja mbingu inajaa kelele. Heroe, wale flamingo wa waridi, hufika pia baadhi ya miaka. Huna uhakika wa chochote, na ndiyo raha yake. Lakini kwa mtu anayetaka kujifunza kutambua ndege mmoja mmoja, umati huu unaweza kumchosha kabla ya saa moja kupita.

Nenda na mwongozaji wa pale pale, tafadhali. Vijia vya mto hubadilika kila baada ya mafuriko, mahali palipokuwa na mchanga mgumu mwaka jana huenda leo pakakuzamisha hadi magotini, na viboko hutembelea mdomo wa mto. Wenyeji wanajua pia sehemu ambazo buabua wamepumzika na hawafai kutimuliwa. Kitwitwi wa Siberia ana uzito wa gramu 60 hivi, na mafuta anayoyaweka Februari na Machi ndiyo nauli yake ya kurudi. Kila anaporushwa bure, nauli inapungua. Nimeona watu wakiwakimbilia ili wapige picha ya kundi likiruka, na iliniuma.

Mida na Sabaki zinaweza kuunganishwa katika siku moja ya bamvua: Sabaki saa moja asubuhi wakati maji yanakupwa na fungu zinafunguka, chakula na usingizi wa mchana, kisha Mida saa nane. Ni siku ndefu, lakini kwa pwani sijui iliyo bora zaidi.

Naivasha: ndege wakubwa, karibu, na asubuhi yenye koti

Kutoka Nairobi ni kilomita 90 hivi, unafika kabla joto halijaanza. Hilo tayari ni hoja nzito kwa mwenye siku mbili tu, maana Watamu kutoka Nairobi inataka treni hadi Mombasa na kisha zaidi ya saa mbili za barabara.

Ziwa liko juu sana, mita 1,880 na ushei, na maji yake ni baridi, matamu, yasiyo na magadi. Limezungukwa na mafunjo na migunga. Limo katika orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, tangu 1995. Hapa hakuna maji kujaa na kupwa. Saa yako inaamuliwa na upepo. Asubuhi ziwa ni kioo, alasiri upepo huamka na mashua huanza kurukaruka. Ingia majini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, utoke saa tatu na nusu. Valia koti, hata kama ni Januari.

Kinachoamua zaidi ni kina. Tangu mwaka 2010 na kuendelea maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda, na Naivasha imemeza mashamba, kambi na hata nyumba za watu kandokando. Kwa wenye nyumba ni msiba, na sitaki kuusahau ninapozungumzia ndege. Kwa mtazamaji, sura ya ziwa imebadilika kabisa. Ile migunga iliyokuwa nchi kavu sasa imesimama majini, imekufa, myeupe kwa kinyesi cha minandi, ndege weusi wapiga mbizi. Mashua inazima injini na unapita taratibu katikati ya shina na shina. Juu ya kila tawi kuna mnandi ametandaza mabawa akiyakausha, chini yake mdiria mweusi na mweupe anapepea hewani mahali pamoja kabla ya kujitupa, na kwenye kilele cha mti, daima kilele, furukombe, yule tai mla samaki, ameketi. Ndege wengine wanakaa mita tano tu kutoka usoni mwako. Mahali yalipokuwa matete na maji ya kina kifupi, ambapo ndege watembeao topeni walikula zamani, sasa pengine ni kina kirefu. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwenye mashua kwa simu usiku uliotangulia ni hili: kuna tope lililo wazi mwaka huu, na liko upande gani? Likiwepo, utapata vitwitwi wa maji matamu na bata wahamaji kutoka Ulaya na Asia wamekusanyika hapo. Lisipokuwepo, utapata ndege wa mitini na wa majini, na hao pia ni wengi.

Sasa lile la furukombe. Baadhi ya wenye mashua hubeba samaki, humtia kipande cha bua la funjo mdomoni ili aelee, hupiga mluzi na kumtupa. Furukombe hushuka kutoka mtini, kucha mbele, anamkwapua, na abiria wote wanapata picha. Safari moja mwenye mashua alifanya hivyo mara nne bila kutuuliza, na ile ya nne ndege alikuwa ameacha kiota. Niliomba tuondoke. Sipendi mchezo huu: ndege anajifunza kusubiri mashua, na bua lile analimeza pamoja na samaki. Mwambie mwenye mashua kabla ya kuondoka kwamba hutaki. Ukitulia dakika ishirini karibu na mti wake utamwona akiwinda mwenyewe, na mlio wake, ule unaotupwa kwa kichwa kilichorudishwa nyuma hadi mgongoni, utausikia bila kulipia samaki.

Vaa koti la kuokolea maisha tangu mwanzo hadi mwisho, na kama hakuna linalokutosha, usipande. Viboko ni wengi, na maji yalivyopanda wamesogea mahali ambapo mashua hupita. Asiyependa mashua anaweza kutembea kwa miguu Crescent Island, miongoni mwa swala na twiga, na kuona ndege wa nyasini na wa majini kwa pamoja.

Kwa anayeanza, Naivasha inaishinda pwani, tena kwa mbali. Sababu ni rahisi: ndege wake ni wakubwa, wako karibu, na hawafanani. Mwari, yule ndege mwenye mfuko chini ya mdomo, huwezi kumchanganya na mnandi, wala kukuziwa na bata. Vitwitwi wa Mida mwezi wa Januari wamevaa kijivu wote, tumbo jeupe wote, na tofauti iko kwenye urefu wa mdomo au jinsi mmoja anavyokimbia na mwingine anavyotembea. Nimeona watu wakikata tamaa siku ya kwanza kwa sababu hiyo, na kuiacha darubini kabatini miaka miwili.

Nakuru, Elementaita, Bogoria: fuata habari za heroe, usifuate picha za zamani

Wengi wanaotaka kwenda Nakuru wana picha kichwani: ufukwe wa waridi, heroe wasiohesabika. Picha ile ilikuwa ya kweli. Hifadhi yenyewe ilianza kama mahali pa kulinda ndege mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini heroe mdogo hula mwani wa kijani-buluu, viumbe vidogo sana vinavyostawi kwenye maji makali ya magadi. Mvua na mito ilipolijaza ziwa Nakuru, magadi yalizimuliwa, mwani ukapungua, na heroe wakaondoka. Maji yalipanda hadi kufunika lango kuu la zamani. Heroe hurudi Nakuru wakati mwingine, kwa miezi au kwa wiki, kisha huondoka tena, kwa sababu ndivyo walivyo: hawana kwao katika ziwa moja. Huzunguka Bogoria, Elementaita, Nakuru na kwingineko kufuata chakula, na kuzaa huenda hasa ziwa Natron, ng'ambo ya mpaka, Tanzania.

Ndiyo maana maziwa haya matatu yaliwekwa pamoja kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011, kama mfumo mmoja. Nawe yachukue kama safari moja. Piga simu wiki ile ile unayosafiri, uliza heroe wako wapi, kisha ndipo ulale karibu na hapo. Bogoria mara nyingi ndiyo jibu, na kuwaona wamesimama mbele ya mvuke wa chemchemi za maji moto ni jambo ambalo pwani haina mfano wake. Elementaita ni dogo, tulivu, halina pilikapilika za Nakuru, na visiwa vyake vya mawe ni mahali wari weupe wanapozaa. Mimi nikiwa na asubuhi moja tu katika eneo hili huipeleka Elementaita.

Nakuru bado inafaa kwa familia inayotaka ndege, faru na twiga kwa siku moja ndani ya gari. Ni hifadhi ya taifa, malipo ni kwa mtandao, pesa taslimu hazipokelewi langoni, na chupa za plastiki za kutupa hazikubaliwi katika maeneo ya hifadhi tangu Juni 2020. Beba maji kwenye chupa ya chuma.

Darubini gani kwa wapi

Pwani, mwenye darubini ya kawaida ya 8x42, yaani inayokuza mara 8, ataona sana, lakini ile ya miguu mitatu ndiyo itakayomwonesha kitwitwi kwa undani. Kwenye mashua ya Naivasha darubini ya miguu mitatu ni mzigo mtupu, maana kila mtikisiko mdogo unageuka tetemeko ndani ya kioo. Hata ya mkononi, inayokuza mara 8 inatulia zaidi majini kuliko inayokuza mara 10. Kofia pana pwani. Koti na kofia ya sufi Naivasha alfajiri.

Basi uende wapi

Una siku mbili, unatoka Nairobi, hujawahi kutazama ndege: Naivasha siku ya kwanza kwa mashua, Elementaita asubuhi ya pili. Kama hata huna uhakika utaupenda mchezo huu, anza bila safari yoyote. Shirika la Nature Kenya lina matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa Nairobi, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, na wageni wanakaribishwa. Januari, ndege wa majini wanapohesabiwa, watu wa kujitolea pia huhitajika, na kusimama kando ya mtu anayehesabu bata 2,000 kwa saa moja kutakufundisha zaidi ya kitabu.

Una watoto wadogo: Naivasha au Nakuru, lakini pia Mida, ambako daraja linaloyumba litawafurahisha hata siku ndege wako mbali. Sabaki iache kwanza.

Una siku nne au zaidi na umeshawajua ndege wakubwa: pwani bila kusita, ila upange kwa mwandamo. Usafiri wa Watamu uukate baada ya kuangalia mwezi, si kabla. Kama likizo yako imeangukia maji mafu na haiwezi kubadilishwa, geuza safari uende maziwani. Hayo hayajali mwezi.

Delta ya Tana nimeiacha makusudi. Ni ardhioevu ya Ramsar tangu 2012, pana na tajiri kuliko zote nilizozitaja, lakini barabara na mashua zake zinataka mwenyeji, mpangilio na siku nyingi. Si ya safari ya kwanza wala ya pili.

Na kama unaweza kuchagua tarehe yoyote katika msimu, chagua wiki ya mwisho ya Machi hadi mwanzo wa Aprili, pwani, kabla masika hayajachacha. Wale vitwitwi wa kijivu wa Januari huwa wameanza kuvaa rangi za kuzalia: mmoja amekuwa mwekundu wa kutu kuanzia usoni hadi tumboni, mwingine ana ukanda wa rangi ya chungwa kifuani, na ghafla hawafanani tena. Wanakula bila kuinua vichwa. Aprili ndipo pia Sabaki inapoanza kupokea ndege wa upande wa pili, yule wa Madagaska mwenye mabawa marefu anayewinda wadudu hewani kama mbayuwayu. Yeye huja kwetu Aprili na kuondoka Septemba, kukimbia baridi ya kusini. Ukibahatika utawakuta kwenye fungu moja la mchanga, wa Siberia wanaondoka na wa Madagaska wanafika.